Dakika 20 kabla ya kushika simu ya mwenzako

Anayeamka saa nane usiku kwa wivu kupekua simu ya mpenzi wake hujiambia kwamba anatafuta ukweli. Mwangalie anavyofanya. Anasoma meseji za wiki nzima, hakuti kitu, anashusha pumzi, anairudisha simu pale pale ilipokuwa, hata waya wa chaji anaulaza kama alivyoukuta. Haipiti robo saa, wazo jingine linabisha hodi: pengine ameshafuta. Anaamka tena. Angekuwa anatafuta ukweli, safari ya kwanza ingetosha. Anachotafuta ni nafuu, na nafuu ya namna hii haikai. Mara za mwanzo upekuzi mmoja unampa siku tatu za amani. Baada ya miezi michache unampa usiku mmoja. Mwisho haumfikishi hata alfajiri, na dozi inapanda: kutoka meseji kwenda picha, kutoka picha kwenda orodha ya waliopigiwa, na kutoka hapo kwenda kwa rafiki wa mwenzake "kuuliza tu".

Neno wivu lenyewe linabeba mambo mawili. Kumwonea mtu wivu kwa mali au sura yake, hicho kwa jina lake hasa ni kijicho, na kikikomaa huitwa husuda. Kina watu wawili tu. Wivu wa mapenzi una watu watatu: mimi, mwenzangu, na yule anayeweza kumchukua. Huyo wa tatu anaweza kuwa mfanyakazi mwenzake, mpenzi aliyeachana naye miaka 6 iliyopita, au namba isiyo na jina. Ila ukichimba, ndani ya wivu wa mapenzi mara nyingi kuna kijicho kimejibanza. Anayejiona hakusoma hutishwa na wasomi. Mrembo asiye na cheti anapita mbele yake salama. Anayelichukia umbo lake hutishwa na warembo, na profesa mwenye sura ya kawaida hamkoseshi usingizi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mwenzako anafanya nini, andika majina ya watu watatu wa mwisho waliokupandisha roho. Sifa wanayochangia ndiyo sehemu ambayo wewe unajiona mtupu.

Kujidharau kuna hesabu yake, na ukiikubali mwanzo wake inakuja kamili hadi mwisho. Mimi si lolote. Huyu yuko na mimi. Basi ama bado hajanijua, ama ananitumia huku akisubiri aliye bora. Mtu mwenye hesabu hii hawezi kufarijiwa kwa sifa. Ukimwambia amependeza, anasikia "ananipooza". Ukinyamaza, umemchoka. Ukimletea zawadi, una kosa unalolifunika. Utafiti wa Sandra Murray na wenzake kuhusu wanandoa na wachumba ulionyesha kitu cha kusikitisha: wanaojiona duni hudhani wenzao wanawaona vile vile wanavyojiona wao, ilhali wenzao wanawaona bora kuliko hivyo. Mapenzi yapo mlangoni, mlango umefungwa kwa ndani.

Hali huwa mbaya zaidi kwa aliyetundika thamani yake yote kwenye msumari mmoja. Aliyeacha marafiki, kazi ya mikono yake, ibada, michezo, akabaki na mapenzi peke yake, kila mtikisiko wa msumari huo kwake ni tishio la kuanguka kila kitu. Ndiyo maana wawili wanaweza kuona jambo lile lile, mmoja akakereka kwa nusu saa, mwingine akavunja sahani.

Tuitazame jioni moja kwa karibu. Mwenzako amekaa kwenye kochi, simu inatetemeka, anasoma, anatabasamu, anailaza kifudifudi. Sekunde mbili: tumbo linakaza, joto linapanda kifuani. Hilo ni la mwili tu, halina kosa. Sekunde tano: picha inakuja yenyewe, ya mtu fulani mwenye jina. Nusu dakika: picha imepata maneno, "wananicheka". Dakika moja: unauliza, "Nani huyo?" Maneno mawili tu, lakini sauti imeshabeba hukumu.

"Ni watu wa kazini, kwenye kundi letu."

"Mbona umeigeuza simu?"

Hapo sauti yake inabadilika, kwa kuwa mtu akituhumiwa hujihami. Nawe unaichukua ile sauti kama ushahidi. Kufikia swali la tatu hakuna jibu litakalomwokoa: akijibu kwa upole, ni mzoefu wa kudanganya, akikasirika, ana hatia, akinyamaza, amekiri. Na methali hazikosekani za kumsaidia mwendesha mashtaka. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Rudia jioni hiyo mara mbili kwa wiki kwa miezi 6, uone kinachotokea upande wa pili. Mwenzako anaanza kufuta meseji zisizo na ubaya wowote ili aepuke kesi ya saa mbili. Hakwambii tena kwamba alikutana na rafiki wa zamani barabarani. Anachelewa kurudi kwa sababu nyumbani hapana raha. Siku moja unagundua amefuta kitu. Sasa una uongo wa kweli mkononi, na ni wewe uliyeupika. Geraldine Downey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1998, waliwafuatilia wapenzi halisi na kukuta mwendo huu huu: wanaotarajia kukataliwa hupokea mambo madogo kama kukataliwa, wanajibu kwa uchungu au ubaridi, na uhusiano wao huvunjika upesi kuliko wa wenzao.

Yapo matendo ambayo wivu huyapenda, na kila moja linaharibu kwa njia yake. Kuomba kuhakikishiwa ("Unanipenda kweli? Hutaniacha?") linaonekana dogo, na kweli swali la kwanza halina dhambi. La kumi kwa siku moja ni mzigo: mwenzako anaanza kujibu kama mashine, na wewe unasikia umashine ule. Kuweka mitego ni baya zaidi. Unafungua akaunti feki ya mtu mzuri wa sura, unamtongoza mpenzi wako mwenyewe, unasubiri. Asipojibu, unasema amegundua ni mtego. Akijibu hata salamu, umeua nyumba kwa salamu. Sijaona mtego wa aina hii ambao jibu lake lilimtuliza aliyeutega. Kurusha roho, yaani kumtia mwenzako wivu makusudi ili uone kama bado anajali, huleta wivu kweli, lakini wivu ule haumwongezei upendo, unamwongezea sababu ya kutokuamini. Kununa siku tatu bila kusema kosa ni nini humfundisha mwenzako kutembea kwa kunyata.

Kisha kuna lile la kuondoka kabla ya kuachwa. Watu wengi hawalihesabu kama wivu. Mambo yanaenda vizuri, tena vizuri kuliko kawaida, ndipo mtu anaanzisha ugomvi usio na kichwa wala miguu na kutamka "tuachane". Furaha kwake ni deni. Anataka lilipwe leo, alione, kuliko kuishi akilingojea. Ukijikuta unatamka kuachana zaidi ya mara moja kwa mwezi huku hutaki kuachana, jua neno hilo limeshakuwa kipimo cha kuona kama utabembelezwa. Kibembelezo hupungua kila mara. Siku moja unajibiwa "sawa".

Mitandao imeongeza kuni. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada waliwahoji wanafunzi 308 na kukuta kwamba kadiri mtu alivyotumia muda mwingi Facebook ndivyo wivu wake unaohusiana na mtandao huo ulivyokuwa mkubwa, na wakaona mzunguko: wivu unamfanya mtu achungulie, kuchungulia kunampa vipande visivyo na muktadha, vipande vinamzidishia wivu. Laiki moja haina sauti wala uso. Vitiki viwili vya bluu bila jibu vinaweza kuwa dharau, vinaweza kuwa kikao cha kazi, vinaweza kuwa usingizi. Akili ya anayejidharau hujaza pengo kwa rangi moja tu.

Sasa, wapi pa kukata mnyororo? Joto la tumboni huwezi kulizuia. Mapenzi yenyewe huwezi kuyahakikisha. Kilicho mkononi mwako ni muda ulio kati ya kuchomwa na kutenda. Mtafiti wa ndoa John Gottman amependekeza kwa miaka mingi kwamba mapigo ya moyo yakizidi 100 kwa dakika katikati ya ugomvi, mtu hasikii tena anachoambiwa, na anahitaji angalau dakika 20 kabla mwili haujatulia. Kupima ni rahisi: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukihesabu 25 au zaidi, usiulize chochote, usishike simu ya mtu, usitume meseji.

Sema unatoka na sema unarudi saa ngapi: "Nimechafukwa, nakwenda kutembea, saa tatu kasorobo nitakuwa hapa." Kutoka bila kutaja saa ya kurudi ni kununa kwa miguu, na mwenzako ataupokea hivyo. Hizo dakika 20 tembea, oga, fua kitu. Kosa linalowapata wengi ni kukaa chumbani wakirudia kesi kichwani. Hapo mapigo hayashuki, na mtu anatoka akiwa na hotuba iliyokamilika. Kosa la pili ni kinywaji. Pombe inampa wivu ujasiri na kuutoa ulimi breki.

Baada ya hapo chukua karatasi, chora mstari katikati. Kushoto andika kile ambacho kamera ingekinasa: "Alisoma meseji, alitabasamu, aliilaza simu kifudifudi." Kulia andika ulichojazia: "Anaongea na fulani. Wananicheka. Anajiandaa kuniacha." Usishangae kuona kushoto pana mistari miwili na kulia mistari tisa. Chini yake andika kiwango cha wivu, kutoka 0 hadi 10, na ulichokuwa unatamani kufanya. Rudi uandike kiwango tena baada ya saa moja na kesho yake asubuhi. Kazi ya karatasi hii ni kukuonyesha kwa mwandiko wako mwenyewe kwamba kiwango cha 9 usiku hushuka hadi kiwango cha 4 asubuhi hata bila kupekua. Akili iliyozoea upekuzi haiamini hilo mpaka ilione mara nyingi.

Wiki ya kwanza ahirisha tendo kwa dakika 20. Ya pili, saa moja. Ya tatu, hadi asubuhi. Siku za mwanzo hamu itapanda, na watu hukata tamaa hapo wakidhani njia imeshindwa. Hamu hupanda kwa sababu imenyimwa ilichozoea kupewa. Na usipekue "mara moja tu ya mwisho" katikati ya wiki ya pili: ushindi wa kubahatisha, leo upo kesho haupo, ndio unaoifanya tabia iwe ngumu kufa kuliko ushindi wa kila siku. Wacheza kamari wanalijua hili kwa mifuko yao.

Likibaki jambo la kusema, lisemwe kwa mpangilio huu: kilichoonekana, ulivyojisikia, unachoomba. "Jana uliposoma meseji ukailaza simu, niliingiwa na hofu. Najua hofu nyingine ni yangu. Naomba ukiwa unachelewa unijulishe kwa meseji moja." Ombi liwe dogo, linaloweza kutimizwa na kuonekana. "Nataka uniheshimu" halipimiki. "Nipe neno la siri la simu yako" linapimika, ila linakurudisha kule kule kwenye nafuu ya usiku mmoja. Wapo wawili wanaojuana maneno ya siri na hawana shida. Tatizo liko pale linapotolewa kama dawa ya wivu, kwani ndani ya mwezi mtu anaanza kuuliza kama kuna simu ya pili.

Mwenzako naye ana kazi, na mara nyingi anaikosea kwa nia njema. Anajibu swali la kwanza, la pili, la ishirini, anafungua simu, anatoa risiti, anawapigia mashahidi. Kila ushahidi unafundisha kwamba ushahidi unahitajika. Kinachosaidia ni jibu moja la kweli na lililo kamili, kisha ukaribu: "Nilikuwa kazini, kikao kilichelewa. Nakuona umeumia. Nimeshakujibu, sitarudia jibu hili usiku huu, lakini nipo, njoo tukae." Mbili hizo ziende pamoja. Kukata maswali bila kukaa naye ni ukatili. Kukaa naye huku ukijibu maswali hadi usiku wa manane ni kuulisha ugonjwa. Na usifiche vitu vidogo kwa ajili ya amani. Jambo lililotajwa mchana kwa sauti ya kawaida huwa dogo. Lile lile likifumuliwa baadaye huwa kesi.

Yote haya yanachukulia kwamba mwenzako hana mchepuko. Wakati mwingine anao. Wivu wenye sababu una dalili zake: upande wa kushoto wa karatasi unarefuka wiki hadi wiki, saa na fedha hazilingani na maelezo, na maelezo yenyewe yanabadilika. Tena hofu yake haihami. Wivu wa kujidharau huruka kutoka kwa mtu hadi mtu, leo wa kazini, kesho wa mtandaoni, na ulikuwepo hata kwa mpenzi uliyekuwa naye kabla ya huyu. Ukiwa na sababu, uliza mara moja, waziwazi, mchana, ukiwa umeshaamua utafanya nini kwa kila jibu. Kupeleleza miezi minane ili kuthibitisha unalolijua tayari kunakula wewe zaidi kuliko yeye.

Kuna mstari ambao ukivukwa, ushauri wa karatasi na matembezi haufai tena. Kumkataza mtu kuonana na ndugu zake, kushika fedha zake, kumfuatilia alipo, kumtisha, kumpiga: huo ni utawala, hata kama anayefanya analia na kusema anapenda kupita kiasi. Kushikwa shingo kusichukuliwe kama hasira za mara moja. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake alikuwa kwenye hatari zaidi ya mara 7 ya kuuawa naye baadaye. Na utafiti wa miji 11 ya nchi hiyo, ulioongozwa na Jacquelyn Campbell na kuchapishwa mwaka 2003, ulikuta hatari ikipanda takriban mara 9 pale mwanamke anapoachana na mwanamume mtesaji anayemtawala sana. Kwa hiyo anayepanga kuondoka asitangaze. Apange na mtu anayemwamini au watu wanaohudumia waathirika wa ukatili, nyaraka na funguo ziwe nje ya nyumba kabla ya siku yenyewe, na mazungumzo ya kuagana yasifanyike wawili faraghani.

Upo pia wivu ambao ni maradhi. Mtu ana yakini isiyotikisika kwamba anasalitiwa, anakagua nguo za ndani, anaona alama kwenye mashuka, na hakuna hoja inayoingia. Huonekana kwa baadhi ya walevi wa muda mrefu, kwa baadhi ya wenye kupoteza kumbukumbu uzeeni, na kwa baadhi ya wanaotumia dawa za maradhi ya Parkinson. Hasa ukizuka ghafla kwa mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa hivyo, aonwe na daktari, na mwenzake asibaki naye peke yake bila ndugu kujua.

Kwa wengine wote, kazi ya polepole ni kuongeza misumari. Chagua mambo mawili yasiyomhusu mpenzi wako kabisa, uyafanye kwa siku na saa maalumu, mfano mazoezi Jumanne na Ijumaa, na kujifunza kazi fulani Jumamosi asubuhi. Chagua yale unayoweza kuona unaongezeka: kilomita, kurasa, nguo zilizoshonwa. Kujisemea kwenye kioo "mimi ni wa thamani" kwa anayejidharau sana mara nyingi humwacha vibaya kuliko alivyoanza, kwani moyoni anajibu "si kweli". Kurasa 40 zilizosomwa hazina wa kuzibishia. Na ukisifiwa, jizoeze kujibu "asante" ukaishia hapo, bila kueleza kwa nini sifa hiyo si kweli.

Utateleza. Ukishika simu yake wiki ya tano, mwambie ndani ya siku moja, kabla hajagundua: "Jana usiku nilipekua simu yako. Nilikuwa na hofu. Ni kosa langu." Ulimi utataka kuongeza "kwa sababu wewe". Funga mdomo kabla ya hiyo "kwa sababu".